Mwenye kuogopa bahari asiambiwe hana imani

Mhariri,

Assalaam alaykum warahmatullah. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua, na naomba unistahamilie kwa urefu, kwa sababu jambo hili limekaa kifuani mwangu muda mrefu.

Wiki mbili zilizopita mlitoa barua ya msomaji mmoja aliyetuzungumzia sisi akinamama wa mwani tulioacha maji ya magotini na kwenda kulima kwenye kina. Alisema mwanamke anayekwenda huko kwa ajili ya kilo chache za ziada hajaridhika na riziki aliyoandikiwa. Akaongeza kwamba wale waliopanda boti, wakaingiwa na khofu na kuomba warudishwe, hao ndio ambao imani yao imepungua hasa. Kwa hiyo ukienda una tamaa, ukirudi huna imani. Barua hiyo niliisoma mara tatu, maana mimi nimefanya yote mawili. Nilirudi, kisha nikaenda.

Nalima mwani hapa Bwejuu tangu mwaka 1990. Kilimo hiki kilikuwa kimeanza mwaka mmoja tu nyuma kwa jirani zetu wa Paje na Jambiani, kwa mbegu za kutoka Ufilipino, na mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita niliyetolewa skuli. Mama alinikabidhi fungu la taitai, vile vikamba vyembamba vya kufungia mbegu, akaniambia nitazame mikono yake. Tangu siku hiyo mwezi ndio saa yangu. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huja bamvua, maji hupwa mpaka karibu na mwamba, nasi tunashuka na vigingi na kamba. Maji yakiwa mafu tunakaa nyumbani tukisuka makuti. Mwani hukaa majini siku arubaini na tano hivi, halafu unavunwa, unaanikwa, unapimwa. Wasomaji wa mjini huenda hawajui kwamba wenyewe hatuuli. Unakwenda ng'ambo, unatolewa unga wa kugandishia dawa ya meno na aiskrimu. Visiwani sisi wakulima wa mwani tumepindukia 20,000, na wengi wetu ni wanawake.

Kuna mwembamba na kuna mnene. Mnene ndio wenye bei, zaidi ya mara mbili ya mwembamba. Miaka yangu ya mwanzo tulilima yote miwili, na kwa mwani mnene mama yangu aliezeka nyumba bati. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaanza kutufia. Unaupanda ukiwa mzima, bamvua ya pili unaukuta umegeuka mweupe na unakatika ukiugusa, kamba imebaki na vifundo vya taitai peke yake. Maji ya pwani yamepata joto. Mchana wa kaskazi, msimu wa joto, pale tunapolima, ukitia mguu utadhani ni maji ya kuoshea vyombo. Wataalamu, akiwamo Dk. Flower Msuya, aliyefanya utafiti katika Taasisi ya Sayansi za Bahari, wametueleza kwa miaka mingi kwamba mwani mnene unataka maji marefu, yenye ubaridi, na wakatufundisha mtindo wa kuutia katika nyavu za bomba zinazoelea badala ya kuufunga kwenye vigingi.

Elimu ile ilikuwa nzuri. Lakini katika kikundi chetu cha wanawake kumi na wanne, hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea. Mtu aliye mbali anaweza kushangaa. Tumeishi na bahari tangu kuzaliwa, tunachokoa pweza, tunaokota chaza, tunalima, na yote hayo tunayafanya maji yakiwa yamekwenda zake. Mtoto wa kiume wa miaka sita anajitupa kutoka kwenye ngalawa na wenzake wanamcheka mpaka anajua. Mtoto wa kike anaambiwa ashushe nguo. Nilikuwa nimefanya kazi baharini zaidi ya miaka thelathini na maji hayajawahi kunivuka kifua.

Na mimi nilikuwa na jambo jingine la kuogopea.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ilizama kwenye mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Kila Mzanzibari anaujua usiku ule. Mdogo wangu alikuwamo. Alikuwa amekuja kwetu kwa sikukuu, anarudi Wete kwa mkewe na watoto wawili. Alinipigia simu kutoka bandarini baada ya sala ya Isha, nikasikia kelele za watu nyuma yake. Akaniambia, "Dada, watu wengi, lakini tutafika inshallah." Nikamjibu inshallah. Maiti yake haikupatikana. Tulimsalia sala ya ghaibu, tukasoma khitma, tukagawa nguo zake. Kaburi lake ni mkondo ule wote.

Naomba lifahamike vizuri ninalotaka kulisema hapa. Sikuacha kusali hata wakati mmoja. Nilifunga, nilitoa zaka ya fitri, nilikwenda kwenye darsa. Ila nikifika kwenye dua, baada ya kutoa salamu, mikono nikiwa nimeinyanyua, ulimi unakuwa mzito kama uliotiwa ndimu. Mdogo wangu alisema inshallah kwa moyo wake wote, mtu aliyekuwa hapitwi na Alfajiri msikitini. Sasa mimi nikisema inshallah, nasema nini? Swali hilo nililibeba miaka kumi na moja. Nilijaribu kuliuliza mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa ni wasiwasi wa shetani, nitoe sadaka. Mara ya pili niliambiwa swali kama hilo halina adabu. Nikanyamaza, na kila nilivyozidi kunyamaza ndivyo lilivyozidi kukaa. Watu waliniona mtulivu. Mmoja alinisifu kwamba nimekubali kadari. Wallahi nilikuwa sijakubali chochote. Nilikuwa nimenyamaza.

Aliyenifungulia mlango ni bibi mmoja kizee, maalim wa chuo chetu cha zamani cha Kurani, aliyetusomesha juzuu amma tukiwa watoto. Sasa macho yake hayaoni. Nilikuwa nimempelekea samaki, nikakaa kumkuna mgongo, na sijui kwa nini swali likanitoka. Hakunigombeza. Aliniuliza kama naikumbuka Suratul Baqara, aya ya 260, akaanza kuisoma mwenyewe taratibu kwa sauti yake ile iliyokwaruza. Nabii Ibrahim anamwomba Mola wake amuonyeshe vipi anavyowafufua wafu. Anaulizwa, kwani huamini? Anajibu kwamba anaamini, lakini anataka moyo wake utulie. Bibi akanishika mkono. "Huyo ni Khalilullahi, kipenzi cha Mwenyezi Mungu, mjukuu wangu. Kauliza. Na wala hakufukuzwa." Kisha akaniambia nitazame alichojibiwa. Hakutolewa hotuba. Aliambiwa akamate ndege wanne, awazoeshe kwake, awaweke sehemu sehemu juu ya majabali, kisha awaite. Alipewa kazi ya mikono.

Nilirudi nyumbani siku ile nikiwa na maneno hayo matatu, kazi ya mikono, na sikujua niyapeleke wapi.

Mwaka 2022 kikundi chetu kilipata boti kwa njia ya mradi mmoja ambao sitautaja. Ilikuja boti nzima, yenye rangi mpya, na watu wa kuipiga picha. Hayakuja majaketi ya kuokolea. Mafunzo tuliyopewa yalikuwa siku mbili ndani ya ukumbi, tukaelezwa habari za soko na za kuthubutu. Mkufunzi alituambia adui wa mwanamke ni khofu yake, na kwamba ukiwa na imani utafanikiwa. Tulipiga makofi. Asubuhi ya Jumatatu tulipanda watu kumi na wawili.

Mpaka kwenye maji ya kifua nilikuwa sawa. Mchanga unauona chini, mweupe, na nyasi zimelala upande mmoja. Halafu kuna mahali rangi inabadilika ghafla, kama mtu aliyekata kitambaa kwa mkasi, na chini huoni kitu. Huko ni ndani ya mwamba bado, si bahari kuu, ni mkondo tu ambao hata maji yakipwa sana hubaki urefu wa watu wawili. Lakini mimi niliyaona yale maji meusi nikasikia kelele za bandarini. Nikashika ukingo wa boti mpaka kucha zikauma. Shoga yangu mmoja aliniambia nitaje Bismillahi nitulie. Nilikuwa nimeshaitaja tangu ufukweni, bila kuacha. Nikamwambia nahodha, mtoto wa jirani yangu, "Mwanangu, nirudishe." Akanitazama usoni, akageuza boti bila kusema neno. Namwombea kheri mpaka leo kwa kutosema neno. Tulishuka wanne.

Jioni ile kisimani habari zilishafika. Hao wanne hawana tawakali, hawamtegemei Mungu. Hao wanne wametia nuksi boti ya wenzao. Mume wangu hakusema kitu, alinichemshia chai.

Nilisali istikhara, sala ya kumwomba Mungu mwongozo, siku tatu. Kama wanawake wengi wa huku, nilisubiri ndoto. Nikaota nimesahau nguo kambani, na siku ya pili nikaota paka. Nilipomweleza bibi maalim alicheka mpaka akakohoa, akasema nani aliyenifundisha kwamba istikhara ni ndoto. Unasali, kisha unaliangalia jambo lenyewe kwa macho, unauliza wanaojua, unakwenda kunakofunguka. Basi nikaliangalia jambo lenyewe. Nilikuwa naogopa kuzama, na sababu ya kuogopa ni kwamba kweli ningezama. Sijui kuogelea. Shaka yangu haikuwa uongo wala haikuwa shetani. Ilikuwa inaniambia kitu cha kweli ambacho ukumbi mzima ulikinyamazia kwa siku mbili.

Nikamtafuta binti mmoja wa kijijini kwetu aliyejifunza kuogelea Nungwi, ambako wasichana wamekuwa wakifundishwa. Ana miaka ishirini na mbili, rika la binti yangu wa pili. Nilimuomba anifundishe, nikamwita maalim, akaona haya, lakini nikaendelea kumwita hivyo kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Tulianza sita. Tulivaa suruali ndani, dera limefungwa kwa mkanda, mtandio umekazwa kwa pini. Kila mmoja alikuja na madumu mawili matupu ya lita tano, yale ya mafuta ya kupikia, tukayafunga kwa kanga chini ya makwapa. Tulikuwa tunakwenda Alfajiri baada ya sala, maji yakiwa yanajaa na vijana hawajaamka.

Wiki mbili nzima sikuelea. Wenzangu wanaelea, mimi nazama miguu kwanza. Binti ananiweka kiganja chini ya kisogo, ananiambia, "Mama, shingo. Legeza shingo. Umeibeba bahari nzima kwa shingo." Nilikuwa nadhani nimelegeza. Mtu hajui anachokikaza mpaka aguswe mahali penyewe. Siku masikio yalipoingia majini nikaacha yaingie, nikasikia pumzi yangu mwenyewe kubwa kama ya ng'ombe, na mbingu ilikuwa bado na nyota moja. Kiganja kilikuwa kimeshaondoka, nami sikujua.

Lakini somo lililonibadilisha ni lile la mchanga. Binti alisema hatatupa ruhusa ya kupanda boti mpaka kila mmoja azame kwa hiari yake, kwenye maji ya shingo, aguse chini na kurudi na mchanga mkononi. Alisema mtu ambaye hajawahi kufika chini kwa kutaka, siku akienda bila kutaka atachanganyikiwa. Nikavuta pumzi, nikazama. Nilifumbua macho, chumvi ikachoma, kisha ikaacha. Kulikuwa na mwanga wa kijani, nikauona mkono wangu ukiwa na pete yangu. Na kulikuwa na sauti ambayo sikuwahi kuijua katika miaka yote ile ya kusimama juu ya maji: mlio mdogo mdogo unaochatika kila upande, kama samaki anayekaangwa nyumba ya tatu. Nikasema moyoni, labda na yeye aliisikia hii. Tangu mwaka 2011 kila nikimfikiria mdogo wangu nilikuwa naona giza tu na kelele. Pale chini nilimfikiria mahali penye mwanga na sauti. Nikafumba mchanga, nikapanda. Nililia, nikamwambia binti ni chumvi.

Swali langu la inshallah halijajibiwa, Mhariri, na sitadanganya kwamba limejibiwa. Lakini usiku ule niliponyanyua mikono, ulimi ulikuwa mwepesi. Niliomba dua ndefu, nikamtaja kwa jina lake na la baba yetu.

Mafunzo yote yalichukua siku arubaini na kitu, sawasawa na mwani unavyokua. Sasa naogelea hatua kama arubaini bila dumu, na naweza kuelea muda mrefu hata kama kuna wimbi dogo. Si hodari. Nimejua tu kiasi cha kusubiri boti inifikie.

Msomaji asidhani kilichofuata kilikuwa mavuno. Tulipanda mwezi wa Juni, upepo wa kusi ukiwa mkali, kwa haraka ya kutaka kuwaonyesha watu. Wimbi la siku mbili lilikata nyavu na maboya. Mimi peke yangu nilipoteza shilingi 210,000 nilizokopa kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Nililipa kidogo kidogo kwa mwani mwembamba wa magotini, kilo shilingi chache, mpaka mwaka ukaisha. Kisimani nikaambiwa Mungu amekwisha kunijibu. Labda. Mimi nilivyoona, nilichojibiwa ni kwamba kwenye mkondo ule hakupandwi wakati wa kusi. Tulirudi Novemba, kaskazi ikianza, na nanga za viroba vya mchanga mara mbili ya zile za mwanzo. Januari sehemu yangu ilikuwa kilo 84 za mwani mnene mkavu. Wa kwanza kuvuna tangu mama yangu afariki. Nilichukua tawi moja bichi kabla ya kuanika, nikalipeleka kwa bibi maalim alipapase, kwa kuwa haoni. Alilipapasa vidole vyake vyote kumi. Akasema, "Huyu mnene huyu!" Mwaka uliofuata samaki aina ya tasi walikula nusu ya shamba letu. Ndivyo kazi hii ilivyo.

Sasa nataka kumrudia ndugu yangu aliyeandika barua, na kwa heshima.

Ulitukumbusha tawakali, na tawakali ni haki. Hadithi ya ngamia unaijua: yule bwana alimuuliza Mtume, rehema na amani zimfikie, kama amfunge au amwachie na kutawakali, akaambiwa amfunge kisha atawakali. Hiyo inasemwa kila siku na sitaizungumzia zaidi. Ninayotaka uifikirie ni habari ya Bi Hajar, mke wa Nabii Ibrahim, aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas. Ameachwa bondeni na mtoto mchanga, tende kidogo na kiriba cha maji. Anamfuata mumewe kwa nyuma anamuuliza mara kwa mara anakwenda wapi na kuwaacha pale pasipo na mtu, hajibiwi. Mwisho anauliza kama ni Mwenyezi Mungu aliyemuamrisha. Anaambiwa naam. Anasema, basi hatatupoteza.

Imani kubwa kuliko hiyo niitafute wapi? Na mwanamke huyo huyo, maji yalipokwisha, hakukaa. Alipanda kilima cha Safa akaangaza macho kama ataona mtu. Hakuona. Akashuka, akakimbia bondeni, akapanda Marwa, akaangaza tena. Mara saba. Mara ya pili alikuwa ameshajua kwamba mara ya kwanza hakukuwa na mtu. Mara ya sita moyo wake ulikuwaje? Mimi kama mama najua ulivyokuwa. Hakuna aliyemwambia kule kukimbia ni upungufu wa imani, maana alishasema hatatupoteza. Badala yake kukimbia kwake kumefanywa ibada. Mahujaji wote wa dunia, wanaume kwa wanawake, masheikh na wafalme, wanapita nyayo za mwanamke aliyekuwa na wasiwasi na mtoto wake. Ndugu yangu, ukijaaliwa kwenda Hija utazipita na wewe.

Kwa hiyo usituambie kwamba mwenye khofu hana imani. Na nyinyi wa semina msituambie kwamba mwenye imani hana khofu. Maneno haya mawili yanatoka vinywa tofauti lakini huku pwani yanatuangukia mahali pamoja: mwanamke anapanda boti hajui kuogelea na anaona haya kusema. Mimi nilisema nikatukanwa. Wangapi wananyamaza? Wale wanane waliobaki botini siku ile wote walikuwa hawajui kuogelea kama mimi, na watatu wameniambia baadaye kwamba walikuwa wanatamani mtu wa kwanza aombe kurudi.

Ombi langu ni dogo. Yeyote anayegawa boti kwa akinamama wa mwani, awe serikali kwenye mipango yake ya uchumi wa buluu au mradi wa mtu binafsi, alete mwalimu wa kuogelea mwezi mmoja kabla ya boti, mwanamke, na majaketi ya saizi zetu. Kwetu mwalimu mwenyewe alipatikana kijijini, gharama yake ilikuwa chai na madumu. Na mashekhe wetu wanaozungumza Ijumaa, tunaomba mkimtaja Bi Hajar mtaje na zile mbio zake, msiishie kwenye maneno yake tu.

Na asiyetaka kwenda kwenye kina aachwe. Mmoja wa wale wanne tulioshuka hakurudi tena botini. Anatengeneza sabuni ya mwani uani kwake, amejifunza kupima magadi na mafuta ya nazi kwa mizani, na kuandika hesabu ambazo zamani mwanawe ndiye aliyekuwa akimwandikia. Sijamwona aliyepiga hatua kubwa kuliko yeye mwaka ule.

Ndugu yangu uliyeandika, sikujui wala sina kinyongo. Nakualika. Bamvua ijayo ya mwezi mpevu uje Bwejuu uulize boti ya akinamama wa mwani, kila mtu atakuonyesha. Tunaondoka saa mbili asubuhi, maji yanapwa kiasi cha saa nne. Njoo na suruali ya kurowa, dumu nitakupa mimi. Nafasi yako itakuwa ya mbele, karibu na nahodha, pale pale nilipokaa mimi siku ile. Tutakupeleka mpaka rangi ya maji inapobadilika. Ukitaka kurudi, sema tu, tutakurudisha.

Mkulima wa mwani,
Bwejuu, Mkoa wa Kusini Unguja

(Jina langu unalo, Mhariri. Naomba lisitoke gazetini.)